Mshono wa Mgongoni

Wifi yangu hawezi kuona kitu kiko wazi akakiacha. Sufuria ina kifuniko chake, na juu ya kifuniko kuna kitambaa. Rimoti ya televisheni kaivisha mfuko wa nailoni hadi namba hazisomeki, tunabonyeza kwa kubahatisha. Friji ina kitambaa kichwani, jagi la maji lina kofia, mtungi wa gesi una gauni, tena lenye marinda. Nilipohamia kwao baada ya kufiwa na mume wangu, nilimpa jina la Mama Funika. Akanijibu kwamba bora kufunika kuliko kuwa na mdomo usiofungika kama wangu. Tangu siku hiyo tukaelewana.

Watu nao huwafunika hivyohivyo. Mtoto wa jirani akivunja kioo, ni upepo. Mgeni asiyetakiwa akipiga hodi, mwenye nyumba ana homa. Mimi mwenyewe alinifunika. Miezi ile ya mwanzo ya ujane wangu nilikuwa siwezi kuinuka kitandani wala kuchana nywele, naye akawaambia watu wote kwamba nimesafiri kwa ndugu. Hakuna aliyekuja kunichungulia. Alikuwa akiniletea uji umefunikwa kwa sahani, anauweka chini, anaondoka bila kuuliza kitu. Kwa hiyo nikimsema leo, nisionekane sijui fadhila.

Hatulii, huyo mwanamke. Akikaa, anakaa na tako moja pembeni mwa kiti, tayari kuruka. Atarekebisha pazia, atafuta meza iliyokwishafutwa, atarudi jikoni kuhakikisha kifuniko hakijasogea. Kaka yangu alikuwa akimwambia, "Mama, hebu kaa, hakuna kinachokimbia." Naye anajibu, "Nakuja, Baba," na haji.

Kaka ni fundi wa makochi. Karakana yake ndiyo chumba cha mbele cha nyumba, kinachotazama barabara. Baraza ni yangu mimi na cherehani yangu, nashona sare za shule. Kati ya karakana na sebule kuna pazia zito la turubai, la kuzuia vumbi la sponji lisiingie ndani. Pazia hilo aliliweka nani, sina haja ya kusema.

Kochi likiingia kwa Kaka linavuliwa nguo zote mpaka mbao. Mafundi wengine huvisha kitambaa kipya juu ya kile cha zamani, ukikaa unakalia jasho la watu usiowajua. Kaka hakubali mchezo huo. Anafumua, anang'oa pini, anagonga mbao kusikiliza kama zimeoza, anaweka sponji mpya, ndipo anavisha. Mwisho kabisa unabaki mgongo, upande ule unaoegemea ukuta. Hapo mashine haifiki. Kitambaa kinakunjwa na kufungwa kwa mkono, kwa sindano iliyopinda kama ukucha wa paka, na uzi unapita ndani ya mkunjo usionekane kabisa. Ukiutafuta kwa macho hutauona. Ukipitisha kidole taratibu ndipo utausikia, vijituta vidogo vimelala upande mmoja.

Sindano hiyo hukaa kwenye ukosi wa shati lake, hata akienda kwenye harusi. Na kabla gari halijalichukua kochi, Kaka hupitisha kiganja juu ya mshono ule, mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayeaga, kisha anasema, "Limekaa." Hilo ndilo neno lake. Asipolisema, kochi halitoki.

Aliwahi kuwa na msaidizi, mtu mzima mwenzake, mpole, ana familia. Siku moja Kaka alichelewa mjini, mteja kasimama mlangoni na gari linanguruma, yule bwana akaona afunge mgongo mwenyewe. Kaka aliporudi akapapasa, akaufumua wote mbele ya mteja, kisha akamwambia msaidizi akusanye vitu vyake. Wifi alijaribu kuingilia, eti yeye ndiye aliyemruhusu. Haikusaidia kitu. "Mgongo ni jina langu," Kaka alisema. "Jina langu haandiki mwingine." Sote tukalisikia hilo neno, na Wifi akalisikia kuliko sisi.

Macho ya Kaka yalianza kwa kulaumu taa. Kaka alisema taa ya karakana ni mbovu, ikabadilishwa. Ile mpya nayo ikawa mbovu. Halafu vikombe vikawa na kasoro, maana chai ilikuwa inamwagika pembeni. Halafu watu wakakosa adabu, wanapita bila kusalimia. Akaanza kungoja mtu azungumze kwanza, ndipo amchangamkie kwa jina kama aliyemwona tangu kona. Mteja akileta vitambaa, Kaka anauliza, "Wewe unaionaje hii rangi?" kwa sauti ya mtu anayeheshimu maoni ya wateja. Wakamsifu kwamba siku hizi amekuwa msikivu.

Wifi akaanza kazi yake. Aliondoa kigoda njiani, akapanga mikasi mahali pamoja pasipobadilika, akawa anaimba wimbo wowote anapoingia chumbani ili Kaka ajue nani kaingia. Mtu akija, yeye hutangulia kusema kwa sauti ya juu: karibu mwalimu, karibu mama wa duka la dawa, shati lako la njano limekupendeza. Mimi barazani nilidhani uzee umemletea maneno mengi. Kumbe alikuwa anamsomea mume wake dunia.

Sasa nifike kwenye benchi la saluni. Mtaa wa pili kuna saluni ya kike, na mwenye nayo, tunamwita Mama Saluni, alitaka benchi lake la wateja livishwe mahameli ya bluu. Karakana ilikuwa na majora mawili ya mahameli, yametoka kiwanda kimoja, vinyoya vyake vinalala sawa, uzito sawa. Ukishika kwa mkono ni mapacha. Ila moja la bluu, jingine la kijani. Kaka akakata viti kutoka jora moja na mgongo kutoka jora la pili, akavisha, akapiga pini. Wifi alikuwa ametoka siku hiyo, kwenda kumtazama mgonjwa. Aliporudi benchi lilikuwa limeshavaa, nusu bahari na nusu majani, na Kaka kasimama mbele yake kajishika kiuno, mwenye furaha.

Mchana ule, Kaka akiwa amejilaza baada ya chakula kama kawaida yake, mimi niliingia karakana kutafuta chaki. Nikafunua pazia. Wifi alikuwa amepiga magoti nyuma ya benchi, amefumua mshono wote wa mgongoni, anaushona upya kwa sindano iliyopinda, kwa mkono wake wa kushoto, maana yeye ni wa kushoto kwa kila kitu. Pembeni alikuwa amekusanya nyuzi alizofumua. Niliona matundu zilipopita. Yalikwenda huku na kule kama kuku aliyepita mavumbini. Huo ulikuwa mkono wa kaka yangu, yule fundi. Nikakaa kwenye rundo la sponji.

Alijiwekea kidole mdomoni kabla sijasema. Nilipomuuliza kwa kunong'ona ameanza lini, alisema muda, tangu makochi ya daktari mmoja wa meno. Kufunga mgongo alijifunza kwa kutazama, miaka yote ile akifagia vipande vya sponji miguuni mwa mume wake. Hakuna aliyemfundisha. Na mshono ulikuwa mzuri, sitaki kusema uongo.

Nikamwambia ampeleke Kaka hospitali badala ya kufumua usiku na mchana.

"Wifi, nisikilize," akasema. "Akijua kwamba mgongo si wake, atafunga karakana. Akifunga karakana atajilaza, na akijilaza hatainuka. Namjua mimi."

"Na macho je?"

"Macho nayaona mimi kwa niaba yake."

Kesho yake gari la kubeba benchi lilifika. Nilikaa roho juu. Kaka akapitisha kiganja juu ya mshono wa Wifi, mwanzo hadi mwisho. Katikati alisita kidogo, nikadhani ni kucha imenasa. Akasema, "Limekaa," na Wifi nyuma ya pazia akashusha pumzi hadi turubai ikatikisika. Kisha akatoka mbio kulikimbilia gari, akapanda nalo hadi saluni. Huko Mama Saluni alishika kichwa kwa ajili ya rangi. Wifi akamwambia ndiyo mtindo wa sasa, hajaona? Mikahawa yote ya maana inafanya hivyo. Alisema kwa uso mkavu, na wateja waliokuwa na mashine vichwani wakaunga mkono wasije wakaonekana washamba. Mama Saluni akalizunguka benchi mara nyingine, akaanza kulipenda.

Mambo yangeishia hapo. Ila baada ya muda mfupi akaja mama mmoja karakana, akasema anataka kochi la rangi mbili kama lile la saluni, anapenda sana ubunifu wa fundi. Nilikuwa barazani, mguu kwenye kanyagio. Nyundo ya Kaka ilibaki hewani. Ndani sebuleni kifuniko kikaanguka.

"La rangi mbili," Kaka akasema polepole. "Sawa. Unataka rangi gani na gani?"

Jioni hiyo hakula vizuri. Alikaa na majora yake mawili mapajani, analishika hili, analishika lile, analirudia la kwanza. Wifi aliingia na kutoka, akafunika chakula, akakifunua, akakifunika tena. Nami nilitamani kusimama katikati ya nyumba nipige kelele, wote wawili wanisikie. Sikupiga. Nyumba yao ile, na mimi wamenipokea.

Aliyemwaga yote ni sanamu langu. Ninalo sanamu la kuvishia nguo, la mbao na kitambaa, halina kichwa. Asubuhi moja nililivisha sare mpya, sketi na sweta, nikalisimamisha mlangoni lipigwe na jua kidogo. Wazazi walikuwa wamejaa barazani, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Kaka akatoka, akasimama mbele ya sanamu, akangoja. Likanyamaza. Akangoja tena.

"Wewe binti," akasema, "mkubwa akipita husemi shikamoo? Nani kakulea?"

Kuna waliocheka, wakidhani fundi anatania. Nami nilicheka, mwanzoni. Kisha nikauona uso wake. Alikuwa na hasira ya kweli, kidole kimeinuka, anamkaripia mtoto asiye na kichwa. Wifi alikuwa ameshatoka, ameanza kucheka kwa nguvu na kumshika mkono, Baba na utani wako, Baba na utani wako. Angefaulu. Watu walikuwa wameshaanza kuamini.

"Kaka," nikasema, "hilo ni sanamu. Huoni. Una muda mrefu huoni, na sote tunajua."

Kaka akanyoosha mkono, akagusa shingo ya sanamu pale inapokatikia, akauondoa mkono kama ameungua. Akaingia ndani akipapasa ukuta, mbele za watu, bila kujificha.

Wifi hakunisemesha hadi mzazi wa mwisho alipoondoka. Ndipo akaja. "Umemvua nguo mume wangu barazani," akasema. Nikamjibu kwamba yeye ndiye aliyemvika kilemba cha ukoka akamwacha atembee nacho mjini. Tukatupiana maneno ambayo sitayarudia hapa. Alilia, nikalia. Kwa siku kadhaa tulipishana jikoni kama wapangaji. Na Kaka akafunga mlango wa karakana kwa komeo, akajilaza, kama vile Wifi alivyosema. Nikaanza kuogopa kwamba nimemuua ndugu yangu kwa mdomo.

Kisha alfajiri moja nikamkuta barazani amekaa kwenye kiti changu, kavaa shati la kutokea, sindano iko kwenye ukosi. Akasema, "Nipeleke." Hakusema wapi.

Tulikwenda watatu. Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa haraka, viatu vyake vinalia sakafuni. Alimulika, akapima, akamulika tena. Akasema jicho la kulia lina mtoto wa jicho, limefunikwa tu kama dirisha lenye ukungu. Wataliondoa na ataona. Jicho la kushoto ni habari nyingine. Hapo Wifi akaanza kukohoa. Daktari akarudia, Wifi akakohoa zaidi, kikohozi kikubwa cha mtu mwenye afya, kila neno la daktari linazama humo. Nilielewa anachofanya, nikataka kucheka na kulia kwa pamoja.

Kaka akanyoosha mkono, akampata goti. "Mama," akasema, "acha nisikie."

Akaacha. Daktari akasema jicho la kushoto limeuawa na presha ya macho, polepole, bila maumivu, na lililokufa halirudi. Akauliza mbona wamekawia kuja, maana mapema lingeokolewa. Wifi alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake, na mimi nilikuwa nasoma bango la kunawa mikono.

Siku ya upasuaji nesi alimwambia Kaka avue shati, na asiingie na sindano. Aliichomoa mwenyewe kwenye ukosi, akampa Wifi. Wifi akaifunga kwenye kitambaa, kitambaa akakitia kwenye kikoba, kikoba akakitia kwenye mkoba.

Asubuhi ya kufunguliwa bandeji tuliketi kwenye ukumbi wa kungojea, viti vya plastiki vimefungwa pamoja kwa chuma. Mimi niliketi, maana yake. Wifi alikwenda dirishani, akarudi, akasoma kibao cha mlangoni, akarudi, akaninyoosha kola, akaenda kumwuliza nesi jambo alilokwisha kumwuliza. Viti vyote vilitikisika kila alipoinuka, hadi mzee mmoja akahama. Nikamvuta mkono, nikamwambia daktari amesema kila kitu kimekwenda vizuri, ataona, sasa tumbo joto la nini?

"Ndiyo maana," akasema.

Sikuelewa.

"Ataona, Wifi. Atatoka hapa anaona, ataingia kwenye nyumba za watu, atageuza makochi. Ataona kila mgongo niliougusa. Yule msaidizi aligusa mmoja tu. Mimi nimeandika jina lake mwaka mzima na nusu. Atanifanya nini?"

Nilimshika mkono wa kushoto, ule wenye matundu ya sindano kwenye kidole gumba. Haukutulia hata nilipoushika.

Kaka alitoka amevaa miwani myeusi mikubwa iliyomfanya aonekane mwimbaji aliyestaafu. Alisimama mlangoni akatazama ukumbi, ukuta, feni, watu. Akanitazama mimi, akasema nimenenepa. Wifi alikuwa ameshapita nyuma yake, anapokea dawa, anasikiliza masharti: asiiname, asibebe kitu, asiguse vumbi. Alikuwa anajificha nyuma ya masharti, akimwomba nesi ayarudie.

Njiani tulitembea taratibu, Kaka anasoma kila bango kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Wifi alitangulia, akarudi nyuma, akatangulia tena. Tulipofika kona ya mtaa wa pili Kaka hakukata kwenda nyumbani. Akasema anataka kupita saluni.

Wifi akasema saluni imefungwa. Tulikuwa tunasikia redio yao kutoka tuliposimama. Akasema basi kuna vumbi. Akasema daktari kakataza. Kaka akaendelea kutembea.

Saluni ilikuwa imejaa. Wanawake walikuwa wamepangana kwenye benchi, wengine na mataulo kichwani, mmoja nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama. Mama Saluni akampokea fundi kwa shangwe, akawainua wateja wote waipishe kazi yake aione. Kaka akavua miwani. Akalitazama benchi, viti vya bluu, mgongo wa kijani. Akatazama muda mrefu. Mdomo wake ulicheza pembeni, nikajua kwamba kicheko kinamtafuta.

"Kumbe hivi ndivyo linavyofanana," akasema.

Kisha akawaomba walivute kutoka ukutani. Wifi akasema, "Baba, usiiname." Hakuinama. Alipitisha kiganja juu ya mshono wa mgongoni, mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayeaga, na jicho lake moja likafuata mkono.

"Huu si wangu," akasema.

Mama Saluni akaniangalia mimi, mimi nikaangalia sakafu yenye vipande vya nywele. Mtu akazima redio.

"Mshono wangu unalalia kulia," Kaka akasema, anawaambia wale wanawake wote. "Huu unalalia kushoto. Umeshonwa na mke wangu. Na makochi yote mliyoyasifu mtaani tangu mwaka jana, huu ndio mkono wake."

Wifi alikuwa mlangoni, mguu ndani, mguu nje. Alimwuliza, kwa sauti ndogo niliyoshindwa kuiamini kuwa ni yake, amejua leo?

"Nimekuwa nikipapasa kila kochi linalotoka, Mama. Nimejua tangu makochi ya daktari wa meno."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeacha," Kaka akajibu. "Nami ningelazimika kuacha."

Nilipata hasira ambayo hadi leo sijaimaliza. Huyu anamfunika yule, yule anamfunika huyu, wanafichana kwa adabu ndani ya nyumba moja, na katikati yao jicho la ndugu yangu linakufa bila kelele. Nilitaka kuwaambia hivyo. Lakini Wifi alikuwa ameshavuta mtandio, amejifunika uso wote mpaka kidevuni, na mabega yake yanatikisika, na kwa mara ya kwanza maneno yakanishinda.

Kaka alimwendea. Alitembea moja kwa moja, bila kupapasa, akaushika mtandio kwa vidole viwili kama anavyoshika mahameli.

"Usijifunike," akasema. "Nimebaki na jicho moja, na sijakuona siku nyingi."

Akauondoa. Akamtazama mke wake, mikunjo, machozi, mvi zilizoota pembeni mwa masikio wakati yeye haoni. Alitazama hadi wanawake wa saluni wakaanza kutazama kucha zao.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe je?" Wifi akasema, na saluni nzima ikaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka huku kamasi zinamtoka.

Kaka akanyoosha kiganja. Wifi akaelewa. Akafungua mkoba, akatoa kikoba, kwenye kikoba akatoa kitambaa, akamkabidhi sindano iliyopinda. Nilidhani ataichomeka kwenye ukosi wake. Aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaikagua, kisha akarudi nyuma ya benchi na kugonga mahali pamoja kwa ukucha. Hapa umevuta uzi mno, alimwambia, kitambaa kimekunja uso. Fumua kidogo urudie. Daktari amenikataza kuinama, akasema, kwa hiyo malizia wewe, mimi nitakaa nikuangalie. Akamrudishia sindano.

Wifi akatazama mlango, akatazama wale wanawake. Nilimwona anatafuta kwa macho pazia ambalo halikuwepo. Kisha akapiga magoti nyuma ya benchi, akaishika sindano kwa mkono wa kushoto, akaanza kufumua.